"Ubaguzi wa Rangi" na Maneno Tunayoyaruka

Kila aliyesoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita anazijua zile notsi za kudurufu. Ukifika kwenye Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, chini ya kichwa "Dhamira", utakuta ukombozi, mapenzi, nafasi ya mwanamke katika jamii, na hapo katikati "ubaguzi wa rangi": mistari mitatu minne, mfano mmoja wa Yasmin kukataliwa na jamaa zake, basi, tunahamia dhamira inayofuata. Nami niliikariri hivyo hivyo, nikaiandika hivyo hivyo kwenye mtihani, nikapata maksi zangu. Sikumbuki kujiuliza hata siku moja maneno hayo matatu yana maana gani.

Makala haya yanajaribu kurudi pale. Hoja yangu ni kwamba katika Kiswahili chetu ubaguzi wa rangi hauji kwa jina lake. Huja kwa maneno ya aibu, ya unyonyaji, ya adabu, na mara nyingine kwa utani. Mhakiki anayekaa kungoja neno "rangi" litajwe ndipo aanze kuandika atangoja sana. Nitatumia vitabu vitatu: Vuta n'Kuvute (1999), Mabepari wa Venisi (1969), yaani tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, na Peponi (2022), tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Sitavigawia nafasi sawa, maana kimoja kati ya hivyo kimeniuma kuliko vingine, na nitasema kwa nini.

Kubagua ni kutenga. Anayebagua anaweka hawa huku na wale kule. Ndiyo maana neno hili lilikaa vizuri midomoni mwetu wakati wa makaburu wa Afrika Kusini, tangu 1948 hadi uchaguzi wa 1994: benchi la weupe, benchi la weusi, basi hili na basi lile. Wazee wetu walilisikia redioni miaka nenda miaka rudi, na Tanzania haikuwa mtazamaji tu, kwani wapigania uhuru wa ANC walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro. Hata Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa na ubaguzi wa namna hiyo unaoonekana kwa macho: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika, na hospitali vivyo hivyo. Kwa hiyo neno halina kosa. Lilipewa kazi likaifanya. Tatizo ni kwamba linaona ukuta tu. Pale pasipo na ukuta, ambapo watu wanaishi nyumba moja na kula chungu kimoja na bado mmoja ni mtu na mwenzake ni nusu mtu, neno hili halioni kitu.

Tumtazame Yasmin. Unguja ya riwaya ina ukuta wake, kweli: Mji Mkongwe upande mmoja, Ng'ambo upande wa pili, na jina "Ng'ambo" lenyewe linakueleza aliyelitamka mwanzo alikuwa amesimama upande gani. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa. Anamkimbia, na jamaa zake wanamfungia mlango. Anapokewa na Mwajuma huko Ng'ambo, kisha anapendana na Denge, mpigania uhuru asiye na kitu mfukoni ila polisi nyuma yake. Notsi zinasema: ubaguzi wa rangi. Sawa. Lakini ukifuatilia jinsi jamaa zake wanavyomhukumu, husikii watu wanaobishana juu ya rangi. Unasikia watu wanaojadili aibu. Walimwengu watasema nini? Binti kaharibika, kaenda kukaa na Waswahili. Yaani chuki yenyewe imehifadhiwa ndani ya neno ambalo kila mama, awe Mswahili, Mnyaturu au Mhindi, analitumia kumlea binti yake. Ndiyo maana ni ngumu kuijibu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba yeye ni mbaguzi atakataa, na kwa jinsi anavyojiona atakuwa anasema kweli. Yeye hambagui mtu, analinda heshima ya nyumba yake.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia Adam Shafi, maana hakumpa Mwajuma hotuba. Mwandishi mwingine angemsimamisha yule mwanamke katikati ya chumba aeleze usawa wa binadamu kurasa mbili. Mwajuma anafungua mlango, yamekwisha. Waliotazama filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya hii watakumbuka kwamba hata kwenye picha nguvu ya Mwajuma iko katika vitendo vidogo vidogo vya nyumbani.

Lakini nina ugomvi na Adam Shafi pia, nao ni Bwana Raza. Huyu ni Mhindi wa duka yule yule tunayemjua kwenye vichekesho: mzee, bahili wa furaha, akili yake yote iko kaunta. Riwaya iliyofanya kazi kubwa ya kumtoa Yasmin kwenye sanduku la "Mhindi" inamwacha Raza humo humo na kufunga kifuniko. Mtu ataniambia kwamba Raza amechorwa hivyo kwa sababu za kitabaka, ni mfanyabiashara. Jibu hilo ndilo linalonipeleka kwenye kitabu cha pili, kwa sababu nimelisikia mara nyingi mno darasani.

Kwa Kiingereza jina la tamthilia ya Shakespeare linamtaja mfanyabiashara mmoja, Antonio. Mwalimu Nyerere aliligeuza likawa la wingi, na badala ya "mfanyabiashara" akachagua "bepari". Ilikuwa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno bepari kwa wakati huo lilikuwa jina la adui. Kwa kidole kimoja cha kalamu Antonio Mkristo na Shylock Myahudi wakatiwa gunia moja: wote mabepari, hakuna wa kumcheka mwenzake. Mimi naona huo ulikuwa uungwana. Mtafsiri ni yule yule aliyesimama bungeni Oktoba 1961 kuwapinga waliotaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi ya ngozi, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kwa jambo hilo. Alijua alichokuwa anakikwepa.

Ila tamthilia yenyewe haikubali. Shylock anatemewa mate na kuitwa mbwa na watu ambao nao wanatafuta faida baharini. Na mwisho wa kesi, pamoja na kunyang'anywa mali, anaamriwa awe Mkristo. Jamani, ni bepari gani anayeadhibiwa kwa kubadilishwa dini? Adhabu hiyo inafichua kwamba mashtaka hayakuwa ya riba peke yake. Jina "Mabepari" limefunika sufuria, lakini harufu inatoka.

Na nje ya kitabu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mnyonyaji, kupe, mrija: hayo yalikuwa maneno ya kitabaka, yalichaguliwa makusudi yasitaje rangi ya mtu, lakini kila aliyeyasikia alikuwa na sura fulani kichwani, na mara nyingi sura hiyo ilikuwa nyuma ya kaunta. Sheria ya 1971 iliyotaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 haikutaja Mhindi popote. Waliopoteza nyumba kwa sehemu kubwa walikuwa wenye asili ya Kihindi, na wengi wakaondoka nchini. Kama sheria ile ilikuwa ya haki au la, hilo nawaachia watu wa historia. Mimi nazungumzia lugha. Neno la tabaka lilifanya kazi ya neno la rangi, na kwa kuwa lilikuwa neno safi hakuna aliyeona haja ya kunawa mikono. Siasa ya ujamaa ilipolegea, mapema miaka ya 1990, Mchungaji Christopher Mtikila akapanda majukwaani na "magabacholi", na baadaye ukaja mjadala wa "uzawa". Kupe akafa, gabacholi akazaliwa, na sura ikabaki ile ile.

Sasa Peponi.

Mimi natoka Unyambwa, Singida. Nataja kwa sababu kitabu hiki nilikisoma nikiwa likizo nyumbani, na sidhani ningekisoma vile vile kama ningekuwa bwenini. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa kutoka mji mdogo wa Kawa na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita mjomba. Kumbe baba yake ana deni na yeye ndiye rehani. Dukani anamkuta Khalil, naye rehani kama yeye, na Khalil anamwambia tena na tena: huyu si mjomba wako, huyu ni seyyid. Nafikiri hakuna mahali katika kitabu chote palipo na ukatili kama pale, na hakuna aliyepigwa. Neno la ukoo limetumika kufunga mtoto. Wasomaji wa Singida hatuhitaji maelezo. Kila mwaka wasichana wa kwetu wanapelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na huko wanaitwa "dada". Dada anaamka wa kwanza, dada analala wa mwisho, dada anakula jikoni. Hapo pana ubaguzi? Ukuta hakuna. Rangi ni moja. Notsi zangu zingepita moja kwa moja.

Halafu msafara unakwenda bara. Katika Paradise ya 1994, neno "washenzi" limo kwa Kiswahili chake katikati ya Kiingereza. Msomaji wa London analipokea kama kitu cha mbali, kiungo kigeni, huenda hata likampendeza. Peponi imelirudisha nyumbani, na nyumbani halina ugeni wowote. Nililisikia mara ya kwanza darasa la pili, kutoka kwa mwalimu mmoja, pale mtoto yeyote alipoteleza akasema Kinyaturu darasani. "Mshenzi wewe!" Halafu fimbo. Kwa hiyo nilipofika kwenye wafanyabiashara wa pwani wanaoeleza watu wa bara, uchi wao, uchafu wao, ulozi wao, sikuwa nasoma habari za "Wengine" kama wasemavyo wananadharia. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo na Kilimatinde, ambayo leo ni wilaya ya Manyoni, mkoa wetu. Miji mingi ya riwaya ni ya kubuni, lakini hao wanaosimuliwa nawafahamu. Mmoja wao alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua alizeti, ni bibi yangu.

Na kinyume cha ushenzi ni nini? Ustaarabu. Kila mtu anajua asili ya neno hili: kwa Kiarabu, kuwa kama Mwarabu. Tunalitumia leo kwa mtu anayepanga foleni na asiyetema mate njiani, na hatumkumbuki Mwarabu hata kidogo. Sisemi tuliache, lugha haiendeshwi kwa amri. Nasema tu kwamba hapo ngazi nzima ya rangi na asili imeingizwa ndani ya adabu, tukafundishwa pamoja na kusalimia.

Kuna sehemu ambayo wenzangu darasani waliipenda sana, nayo ni mazungumzo ya barazani kwa Hamid. Kalasinga, Singasinga fundi magari, anataka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na Kiarabu hakijui, ataichukua kutoka Kiingereza. Wenzake Waislamu wanamrukia, naye anawarudishia, matusi ya asili na dini yanaruka hewani na chai inaendelea kunywewa. Wenzangu walisema: tazama, utani, ndivyo tulivyo Watanzania. Nami nilicheka. Lakini utani una kanuni moja ambayo kila kabila lenye watani linaijua: aliyetaniwa anajibu. Kalasinga anajibu, tena kwa ufundi. Wapagazi waliokuwa wakiitwa washenzi njia nzima hawakuwa na zamu ya kujibu. Kwa hiyo tukisikia "ni utani tu", swali la mhakiki ni jepesi: mwenzake alijibu nini, na yuko ukurasa wa ngapi?

Anayejibu ni mmoja, Chatu. Msafara umevuka ziwa, umefika kwake, naye anawanyang'anya mali kwa sababu mfanyabiashara aliyetangulia alimdhulumu. Anawaambia waziwazi wanachokuja kufanya katika nchi za watu. Hukumu nzima ya kitabu juu ya ushenzi iko mdomoni mwake. Tatizo ni kwamba Chatu hajui lugha ya wageni wake, kwa hiyo maneno yake yanapitia kwa mkalimani. Kwa Kiingereza jambo hili halishtui, maana wote wametafsiriwa. Kwa Kiswahili linashtua. Ninayesoma nimekaa upande wa wafanyabiashara. Lugha yangu ni ya kwao. Chatu ananifikia kwa kadiri mkalimani atakavyopenda.

Nilifunga kitabu pale, nikakaa nacho muda. Bibi yangu Kiswahili anakisikia nusu. Tangu nina miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake tukienda mjini, dukani na hospitalini. Nakumbuka siku moja alieleza ugonjwa wake kirefu, tangu ndoto aliyoota, tangu shamba la mtama lilivyoliwa na ndege, hadi maumivu. Nilipogeuka kwa daktari nikasema: "Anaumwa kiuno." Niliona haya. Nilitaka aonekane mstaarabu. Alipouliza kwa Kinyaturu kama nimeyasema yote, nilijibu ndiyo.

Sasa mtu asome hadi hapa adhani namlaumu Mwarabu wa pwani, au Mhindi, au mwalimu wangu. Hapana. Riwaya hii haikuachii upenyo huo. Khalil mwenyewe ni Mwarabu na ni rehani, na wateja wanaucheka Uswahili wake. Yusuf, aliyetoroshwa utotoni kwa deni, mwishoni anakimbia kufuata msafara wa askari wa Mjerumani, waliokuja kuchukua watu kwa nguvu. Wahakiki wanaita mwisho huo wa kukatisha tamaa. Mimi naona ni mwisho wa kweli kupita kiasi: aliyedharauliwa anatafuta mstari wa kuingia, hata kama ni mstari wa wanaodharau.

Nami nilikuwa na mstari wangu. Shuleni tulikuwa naye kijana mmoja wa Kibarbaig, jamaa ya Wadatoga, ambao wako sehemu nyingi za mkoa wetu na Hanang. Tulimwita Mang'ati. Wote tulimwita hivyo, na walimu pia. Neno hili si la kwao, ni la Wamasai, na maana yake ni adui. Sisi tulilichukua bila maana, likawa jina la kabila, halafu jina la kutishia watoto wanaolia usiku, halafu jina la huyu aliyekaa dawati la nyuma na kanivusha hesabu za sehemu mara mbili tatu. Ukiniuliza wakati ule ningekuapia kwamba sisi hatukumbagua. Hatukumtenga. Tulicheza naye mpira, tulikula naye viazi vya kuchoma, tulikwenda naye kuogelea ziwani Kindai tukachapwa naye pamoja. Alikuwa Mang'ati wetu.

Matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa tulikwenda kundi zima kutazama. Nilipitisha kidole kwenye karatasi, nikakuta jina langu, nikakuta ya wenzangu, na karibu na juu nikakuta jina nisilolijua, la mtu aliyetushinda karibu wote. Nikauliza kwa sauti, huyu ni nani, amehamia lini? Mmoja akainama kutazama, akacheka.

"Si Mang'ati huyo."

Alikuwa amesimama nyuma yetu, anangoja tusogee naye asome.